Pole ya Nini

Katika nyumba ya yule mama Mjamaika niliyekuwa nikimhudumia, neno moja lilikuwa haramu: sori. Siku yangu ya kwanza alipiga chafya, nami kwa mazoea ya kwetu Nakuru nikasema, "Sori." Akanitazama juu ya miwani. Baadaye kijiko kikamponyoka, nikasema, "Woi, sori, Mama." Akaweka kikombe mezani taratibu.

"Umenifanya nini?" akaniuliza.

"Sijakufanya kitu."

"Basi acha kuniomba radhi. Katika nyumba hii mtu haombi radhi kwa kosa ambalo hakulitenda."

Nikanyamaza, lakini moyoni nilijisemea kwamba nimepata bosi. Mimi si mtu wa kunyamaza. Nyumbani walinibandika jina la utani la mdomo bila kifuniko. Lakini Uingereza imenifundisha kufunika, maana viza yangu imefungwa kwenye kazi kama mbuzi kwenye kigingi, na kazi yangu ni kuhudumia wazee wa Birmingham majumbani mwao. Asubuhi namwogesha, namkoroga uji wa shayiri, nampa dawa zake, kisha nampeleka kwenye kiti chake dirishani aangalie mabasi ya Sparkhill yakisukumana. Jioni narudi Selly Oak, kwenye nyumba ninayoishi na Wakenya wenzangu wawili, katikati ya wanafunzi wanaotupa masanduku ya piza kwenye ua wetu.

Mama huyo hakuniita jina langu hata siku moja. Aliniita Afrika. "Afrika, chai imepoa." "Afrika, nani alikufundisha kukunja shuka?" Wiki ya pili aliniuliza kama kwetu tulikuwa na ngazi, kwa sababu alidhani sote tulilala chini. Nikamwambia tulikuwa na ngazi, ila simba ndio walizitumia sana. Alicheka mpaka nikamshika asianguke, na tangu siku hiyo tukapatana.

Alikuwa na ombi moja, na kila aliyeingia mle ndani alilijua. Alitaka kurudi Handsworth, mtaa wake wa zamani, asimame mbele ya nyumba aliyoishi tangu alipokuwa mke mchanga mpaka alipofiwa na mumewe na ngazi zikamshinda. Na alitaka kusimama pale na binti yake mkubwa. Miguu ilikuwa inakwisha, alijua, nami nilijua. Lakini binti yake, mwalimu mstaafu anayeishi upande wa pili wa mji, alikuwa na jibu lile lile kila akija Jumapili.

"Kokote utakako nitakupeleka, mama. Pale sipeleki."

Sababu niliipata kidogo kidogo, wakati wa kumpaka mafuta miguu. Watu wazima husema mengi miguu yao ikiwa mikononi mwako. Alipoondoka Jamaika alimwacha binti huyo kwa bibi yake, mtoto ndiyo kwanza anajifunza kuongea. Alikuja Birmingham kusafisha sakafu za hospitali, akidhani atamwita baada ya muda mfupi. Muda ukavutika. Chumba walichopanga mwanzoni katika nyumba ile ya Handsworth kilikuwa kimoja, na hicho chenyewe walikipata baada ya milango mingi kufungwa usoni mwao. Mpaka nauli ya mtoto ilipopatikana, mtoto alikuwa anajua kupika na kufua nguo zake mwenyewe, na hapa Birmingham walikuwa wamezaliwa wadogo zake wawili asiowajua.

"Alifika jioni," Mama alinisimulia. "Baridi, na kijikoti cha kuazima. Nikafungua mlango. Akasimama kwenye ile ngazi yangu nyekundu ya mlangoni, akaniangalia, akasema, 'Habari ya jioni, madam.'"

Nikaacha kusugua.

"Madam," akarudia. "Mimi niliyemzaa."

Kumbe binti, kwa miaka yote hiyo, alikuwa akisubiri neno moja kutoka kwa mama yake, na neno lenyewe ndilo hilo lililokuwa haramu. Walikuwa wameshagombana juu yake kwenye arusi, na hata kwenye mazishi ya baba. Mama hakulitoa. "Nilisugua sakafu ili ale," aliniambia huku akinikazia macho kana kwamba mimi ndiye niliyemdai. "Niombe radhi kwa kumlisha?"

Nikarudi kusugua miguu yake. Mimi nina binti Nakuru, kwa mama yangu. Nilimwacha akiwa anang'oka meno ya mbele, nikimwahidi atanifuata. Kabla sijatuma karatasi zake sheria ikabadilika, na watu wa kazi yetu tukaambiwa hatuwezi tena kuleta watoto. Ameota meno mapya mimi nikiyaona kwenye simu. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, ndiyo, lakini kuna pia uchungu wa mzazi aujuao mwana, na huo hatuutungii methali.

Asubuhi moja ya kiangazi, jua limetoka kwa namna ambayo Birmingham hutoa mara chache, Mama akanitangazia: "Afrika, vaa viatu vizuri. Tunakwenda Handsworth mimi na wewe. Nataka kuona kama ngazi yangu bado ipo. Nikijua ipo, nitajua namna ya kumvuta yule mkaidi."

Kutembea naye nje kulikuwa ndani ya kazi yangu, na nilipiga simu ofisini wakaniruhusu. Tukapanda basi mpaka mjini, tukabadilisha, na kutoka katikati ya mji haukuwa mwendo mrefu. Nilikuwa nimeonywa juu ya Handsworth na watu ambao hawajawahi kufika. Mwenzangu wa Selly Oak alikuwa amenihakikishia nitaibiwa simu. Nilishuka nimeibana kwapani.

Niliona nini? Maduka ya sari na dhahabu ya Wapunjabi, wazee wenye vilemba wakipiga soga kwenye benchi, makanisa yenye majina marefu kuliko milango yao, vinyozi wenye viti vilivyojaa wanaume waliokuja kuzungumza tu. Tulipokata kona kuelekea mitaa ya ndani, zikaanza nyumba ndefu za matofali mekundu zenye madirisha yaliyotuna mbele. Mama alibadilika. Kile kigari cha magurudumu anachoshikilia akitembea kilianza kwenda mbio. Alininyooshea kidole huku na kule, na kila mlango ulikuwa na mtu: pale alikaa fundi aliyewashonea suti za arusi, pale palikuwa na chumba cha chini ya nyumba cha muziki ambapo mumewe alimkanyaga mguu wakicheza, pale mwanamke aliyeshika pesa ya mzunguko.

"Mzunguko gani?"

"Kila wiki kila mtu anatoa, na mmoja anachukua zote. Benki hazikututaka. Nyumba nyingi za mtaa huu zimenunuliwa hivyo."

"Mama, hiyo ni chama!" nikapiga kelele barabarani. "Kwetu kila mwanamke ana chama!"

"Mlituiga," akasema, na akaendelea kusukuma.

Tukasimama kwenye duka la vyakula. Nikaona nduma, magimbi yale ya kuchemsha. Nduma, jamani, za kwetu kabisa, bado zina udongo wake, zimelala kwenye kreti karibu na ndizi mbichi. Nusura nizikumbatie. Mama aliziita kwa jina jingine, tukabishana, mwenye duka akacheka. Kisha Mama akanionyesha mchicha uliotiwa kwenye mkebe, akaniambia huo ndio utamu wa Jumapili. Mchicha kwenye mkebe! Nilimwonea huruma, yeye akanionea mimi kwa kutojua. Mtaa ule niliupenda. Nilijisikia kama mtu aliyekwenda kumtembelea shangazi ambaye hakuwahi kuambiwa kwamba anaye. Nikasahau hata simu kwapani.

"Kona inayofuata," Mama akasema. "Ukikata tu, utaona ngazi nyekundu. Nilikuwa naipaka nta kila Ijumaa."

Nta nyekundu naijua. Mama yangu mzazi alituamsha Jumamosi kuisugua kwenye sakafu ya saruji mpaka magoti yetu yakawa rangi moja na nyumba. Nilikuwa ndiyo nafungua mdomo nimweleze hivyo, nikiwa nimemshika kiwiko, tukienda mdogo mdogo. Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Sisi tulikwenda pole na tukajikwaa vilevile. Mzizi wa mti ulikuwa umeinua jiwe la njia, gurudumu likagota, kigari kikaenda upande, na Mama akaenda chini, nami nikavutwa naye.

"Sori!" nikapiga ukelele. "Woi, sori, Mama, sori, sori, sori!"

Alikuwa ameketi chini, goti linavuja damu, kofia imeinama. Akanitazama.

"Sori ya nini?" akasema. "Wewe ndiye umenisukuma?"

Mwenye duka alitoka mbio na kiti. Nilipiga simu zote ninazotakiwa kupiga, wakaja wahudumu wa dharura, wakampima kila mfupa, wakasema hakuna kilichovunjika. Kilichoumia ni goti, kiganja, na heshima yake. Kona hatukuikata. Tulirudishwa Sparkhill, yeye akiangalia nyuma kupitia kioo cha gari.

Binti yake alifika kabla sijamaliza kufunga bandeji. Alikuwa na pumzi za mtu aliyeendesha gari akiwa na hofu, na hofu ikishafika nyumbani hugeuka hasira. Akauliza kilichotokea. Na Mama, ambaye hana desturi ya kusema uongo wala kupunguza ukweli, akamjibu: "Nilianguka. Afrika akaniambia sori. Hakuacha kusema sori mpaka gari la wagonjwa likaja."

Binti akanigeukia. "Kwa nini ulisema sori? Ulifanya nini?"

"Sikufanya kitu."

"Mtu ambaye hakufanya kitu haombi radhi mara kumi. Ulimwachia mkono? Ulikuwa kwenye simu?"

Nikaona jinsi jambo linavyokwenda. Alikuwa tayari ametoa simu yake, anatafuta namba ya ofisi yetu, aombe mhudumu mwingine. Nikiandikwa kwamba nimekiri kosa, kazi imekwenda, na kazi ikienda viza inafuata. Niliogopa. Na juu ya woga huo nilikuwa na uchungu, kwa sababu nilimpenda yule bibi na nilikuwa nimeumia naye pale chini. Kile kifuniko cha mdomo kikaruka.

"Dada, sikiliza," nikasema. "Kiingereza chenu kina upungufu. Kwetu mtu akianguka, akifiwa, akichoka, akipiga chafya, hata akirudi kazini na mzigo mzito, tunamwambia pole. Pole si kuomba radhi. Ni kumwambia, nimeona kwamba imekuuma. Tulipofika kwenye Kiingereza tukatafuta pole, hatukuikuta. Tukachukua sori tukaivisha nguo za pole. Ndiyo maana Mkenya atamwambia sori hata mtu aliyeumwa na nyuki."

Akaacha kutafuta namba. Simu ilikuwa bado mkononi mwake.

"Kwa hiyo unaweza kumwambia mtu hiyo pole hata kama hukumkosea?"

"Hata kama sikuwepo."

"Na kama umemkosea?" aliuliza. Hakuwa ananiangalia mimi tena. Alikuwa anaangalia kiti cha mama yake.

"Kama umemkosea, utaanza na pole, halafu utaomba msamaha. Ni maneno mawili. Na lile la kwanza halisubiri la pili."

Birika likachemka jikoni likajizima. Binti akairudisha simu mkobani, akasema atafikiri, akambusu mama yake utosini, akaondoka.

Jioni hiyo niliwasimulia wenzangu wa Selly Oak. Yule aliyenionya juu ya wezi alishika kichwa.

"Aki wewe! Si nilikuambia hapa husemi sorry ovyo? Ukisema sorry ume-admit. Wanaandika. Next time jaribu kusema 'oh dear' ka wazungu, alafu unyamaze."

"Mtu anaanguka mbele yangu, nimwambie oh dear?"

"Bora oh dear kuliko deportation, mrembo."

Tulicheka, lakini sikulala vizuri usiku kadhaa. Simu ya ofisi haikuja. Mama naye, goti likiendelea kupona, alilivaa lile neno la pole kama mtu aliyepewa kitambaa kipya anayekijaribu mbele ya kioo. Nikimpaka dawa ananiuliza: "Ukimwambia mtu pole, yeye anajibu nini?"

"Asante."

"Aliyeumia ndiye anashukuru?"

"Ndiyo."

"Watu wa ajabu ninyi." Kisha baada ya kitambo: "Na asipojibu?"

"Pole yako inabaki pale pale, Mama. Haiozi."

Akaitikia kwa kichwa, akageukia mabasi yake. Siku nyingine nilimkuta anaisema peke yake, anaivuta mwishoni, po-leeh, kwa ule wimbo wa kwao. Sikumsahihisha.

Jumapili moja binti alikuja, hata koti hakuvua. Akasimama mlangoni akichezea funguo za gari. "Haya," akasema. "Nakupeleka. Dakika chache tu, na siteremki." Akaniambia na mimi nije, nimshike mama yake, maana nilishajua mahali penye mzizi. Nikajua kwamba kazi yangu imepona.

Safari hii tuliikata kona. Nyumba ilikuwa ya nne au ya tano, mlango umepakwa rangi ya kijani, baiskeli ya mtoto imeegemezwa kwenye dirisha. Watu wengine walikuwa wanaishi humo, pazia lao linapeperuka. Na ngazi ilikuwepo. Nyekundu ilikuwa imebaki pembeni tu, kule miguu isikofika, lakini ilikuwepo.

Mama alishuka akasimama kwenye njia na kigari chake. Mimi nilisimama nyuma, mkono tayari. Binti alibaki ndani ya gari, kioo kimeshushwa, mikono yote miwili kwenye usukani ingawa injini imezimwa. Nilidhani tutarudi hivyo hivyo. Kisha mlango ukafunguka, akashuka, akaja akasimama upande wa pili wa mama yake. Mwanamke mwenye mvi, na miwani ya kusomea ikining'inia kifuani, alikuwa anaangalia ile ngazi kama mtoto aliyetumwa mahali asipopajua.

"Nilisimama pale," akasema. "Nilikuwa na njaa na sikujua kama inaruhusiwa kusema."

Mama akaachia kigari. Nikasogea, lakini alikuwa imara. Akamshika binti yake mkono, akaugeuza, akaushika kwa mikono yote miwili.

"Pole," akasema. Aliivuta mwishoni. "Pole, mwanangu. Pole kwa baridi ile. Pole kwa njaa. Pole kwa kunisubiri."

Nilingoja lile neno la pili. Nadhani na binti alilingoja, kwa sababu alibaki anamtazama mama yake mdomoni. Halikuja. Mama alikuwa amefikisha alichoweza kukifikisha, na ilikuwa imemchukua maisha yake. Gari lilipita, basi likapita. Nilikuwa nalia bila hata kujificha, pua inanitiririka, mtaa wa watu.

"Asante," binti akasema, kwa Kiswahili, kwa sauti ndogo sana.

Walirudi garini wameshikana. Njiani hawakuzungumza la maana, ila walibishana kidogo kama kwenye kona ile kulikuwa na duka la mikate au la samaki. Wakanishusha kituo cha treni, na Mama akashusha kioo akanipa mfuko. Alikuwa amemtuma binti kuninunulia nduma.

Nilifika Selly Oak nikaziweka nduma jikoni, nikakaa kitandani na sare yangu ya kazi, nikapiga simu Nakuru. Binti yangu alipokea mwenyewe. Alikuwa na mkate mdomoni. Akaanza kunieleza habari za mbwa wa jirani, nami nikamkatiza, kwa sababu nilijua nikichelewa nitaogopa.

"Pole, mwanangu," nikamwambia.

Akaacha kutafuna. "Pole ya nini? Mimi sijaanguka."

"Najua. Wewe itikia tu."

Nikasikia sauti ya bibi yake nyuma ikiuliza kuna nini, na yeye akimwambia hakuna kitu, ni mami. Kisha akarudi kwenye simu.

"Asante," akasema. Na halafu, kwa adabu, kama mtu anayemuuliza mgeni: "Utakuja lini?"